Mashine Iliyouliza Mara Moja

Benchi la Kassimu liko ubavuni mwa duka la ushirika, hapa Same mjini, upande ule ambao ukiketi unaiona reli mbele yako na milima ya Upare inakaa kisogoni. Duka lenyewe siku hizi lina majembe, chumvi na karani anayesinzia. Sukari ikija, inatanguliwa na fununu yake kwa siku kadhaa. Waliochoka kuipangia foleni hujisogeza kwa Kassimu, wakanywa kahawa chungu na kudai kwamba ndivyo walivyoipenda tangu utoto. Mimi ni Eliaichi, lakini pale benchini naitwa Amina, kwa kuwa mtu akisema lolote lenye sauti nzuri, mdomo wangu huitika "amina" kabla kichwa hakijapima kilichosemwa. Ni udhaifu, naujua, na nimeuombea. Shule niliishia darasa la nne. Jumatano hiyo ninayoisimulia nilipaswa kuwa kwenye maombi ya wazee wa usharika, nami nilikuwa nimeketi benchini. Mungu anirehemu, ile kahawa ina tangawizi ya mlimani.

Tulikuwa watu wanne na Kassimu wa tano, yeye na birika lake. Kassimu ni mtu wa Pangani. Alikuja kukata mkonge, mkonge ukamshinda, akafungua kahawa. Kushoto kwangu alikaa Breki, jina lake la ubatizo Sylvester, Mnyamwezi aliyekuja na reli na kustaafu nayo. Kulia alikaa Azimio, yaani ndugu Melkizedeki, katibu wa tawi la chama, mtu ambaye amekaa mikutanoni mpaka akitaka maji ya kunywa anasema "napendekeza". Na mwishoni, peke yake ili suruali yake ya bugaluu isikunjwe, alikaa Bartholomeo, kijana wa Suji. Huyu alikuwa Dar es Salaam katika ofisi moja nisiyoitaja, akihudumia mashine inayoitwa kompyuta, na sasa amerudi kwa likizo isiyojulikana mwisho. Tukamwita Kompyuta.

Kilichotuweka pale ni safari ya kesho yake. Bartholomeo anamtaka Rogathe, binti wa Suji, yule anayefundisha watu wazima kusoma, na mshenga wake ni mimi. Nilipanda mlimani Suji mara ya kwanza, Rogathe akasema hapana. Nikapanda tena, akasema hapana. Baba yake alinisindikiza mpaka njiani akanieleza jinsi ukoo wao ulivyo: posa ikirudi mara ya tatu, binti haulizwi. Anaulizwa baba. Na yeye kama baba, alisema akiangalia pembeni, hana mdomo wa kukataa mbuzi wawili. Ni lazima aje mshenga yule yule. Akija mwingine ni posa nyingine, inaanza upya na binti. Kwa hiyo kesho, lori la alfajiri mpaka Makanya, halafu miguu mpaka juu, na Rogathe angekuwa ameolewa bila kufungua kinywa.

Breki: Kompyuta, hebu irudie ile habari ya mashine. Jana nilikuwa nang'olewa jino, nikaikosa. Nasikia imekufukuza kazi.

Bartholomeo: Haikunifukuza. Iliniuliza swali.

Breki: Swali gani linalomtoa mtu kazini?

Bartholomeo: Sikiliza, mzee wangu. Mashine yenyewe ni chumba kizima. Makabati ya chuma, magurudumu ya utepe yanazunguka, na pembeni kuna taipu. Sasa ile taipu inajipiga yenyewe.

Kassimu: Yenyewe? Hakuna mtu?

Bartholomeo: Hakuna mtu. Inaandika swali, halafu inatulia kimya, inangoja. Haifanyi kitu kingine mpaka umejibu. Unaweza kwenda kula wali ukarudi, ukaikuta pale pale na swali lake.

Kassimu: Basi ina subira kuliko wateja wangu.

Azimio: Inaanza na salamu?

Bartholomeo: Haina salamu. Inakutupia tu kwa Kiingereza: niendelee, ndiyo au hapana?

Azimio: Nilijua. Hata bwana shamba, na ukali wake wote, anasema hamjambo kwanza.

Bartholomeo: Na jibu ni moja katika hayo mawili. Siku moja niliiandikia, "Ndiyo, ukipenda." Ikaandika, "Sikuelewa, jibu ndiyo au hapana." Nikaandika, "Tutaona." Ikaandika yale yale. Nikaona isinizoee, nikaandika, "Nitakujibu kesho."

Breki: Ikasemaje?

Bartholomeo: Yale yale.

Breki: Hiyo haiwezi kukaa Upare. Ningependa kuiona siku imekwenda kuuliza shauri la mpaka wa shamba huko mlimani. Ingeungua.

Tukacheka, na mimi nilicheka zaidi, ingawa nina shauri la mpaka na shemeji yangu na si jambo la kuchekea.

Bartholomeo: Sasa siku yenyewe. Walikuja wageni wakubwa kuitazama mashine. Mkubwa wetu kavaa suti ya kola, jasho linamtoka. Ndani ya mashine kuna hesabu ya mazao ya mikoa, kazi ya mwezi. Ikafika mwisho, taipu ikalia ta-ta-ta, ikauliza: niihifadhi kazi hii?

Breki: Nawe ukasema ndiyo.

Bartholomeo: Mzee, mimi ni mtoto wa Suji. Ukifika kwa watu ukaambiwa karibu makande, utasemaje?

Mimi: Utasema hapana, nimeshiba.

Bartholomeo: Hata kama?

Mimi: Hata kama tumbo linanguruma na wao wanalisikia.

Bartholomeo: Wakikukaribisha tena?

Mimi: Unasema msijisumbue, nimetoka kula sasa hivi.

Bartholomeo: Wakikukaribisha tena?

Mimi: Ndipo unanawa.

Bartholomeo: Haya. Wageni wamesimama nyuma yangu, mashine inanikaribisha. Niirukie ndiyo kama mtu aliyelala njaa? Mama yangu angejisikiaje? Mkono wenyewe ukaandika hapana. Nikakunja mikono kwa adabu, nikangoja inikaribishe tena.

Breki: Ikakukaribisha?

Bartholomeo: Ikaandika, "Sawa."

Kassimu akaanza kucheka, polepole, mabega kwanza, mpaka birika likatikisika na makaa yakadondoka.

Bartholomeo: Magurudumu yakazunguka, vrrr, mazao ya mikoa yakafutika. Mkubwa akanipa likizo. Nikamuuliza mpaka lini, akasema nitaitwa.

Kassimu: Na wewe ulipoambiwa likizo ulikataa mara ngapi?

Bartholomeo: Kaka Kassimu, usinichokoze.

Breki: Mimi nawaambia, mle ndani mna mtu. Mtu mfupi. Nilishaona kwenye reli, Mzungu mmoja alikuwa anakaa kwenye behewa la barua, hatoki, analetewa chakula dirishani. Mkataba. Huyo wa mashine naye kachoka, anataka kwenda kulala. Umemwambia hapana, akashukuru Mungu, akafunga.

Kassimu: Si mtu, ni jini. Jini ndiye asiyefanya kitu mpaka apewe ruhusa. Kwetu Pangani anakuja mlangoni, anauliza, anasimama. Ukisema ingia, umekwisha. Ukisema hapana, anaondoka. Ana adabu zake yule.

Azimio: Ndugu zangu, tusipotoshe wananchi. Hakuna mtu, hakuna jini. Ni ubeberu. Beberu anakuuliza mara moja tu, tena upesi, kwa lugha yake, ili ukikosea aseme ulikubali mwenyewe. Mashine ya kijamaa ingeuliza mara nyingi.

Kassimu: Mpaka lini?

Azimio: Mpaka jibu liwe sahihi.

Breki: Sahihi kwa nani?

Azimio: Kwa swali.

Nikasema amina. Sijui kwa nini. Lilikuwa limetamkwa vizuri.

Bartholomeo: Ndiyo maana nasema kosa halikuwa langu, lilikuwa la mashine. Haikulelewa. Mtu mwenye akili akisikia hapana ya kwanza anajua ni adabu tu, anauliza tena. Na kesho ndicho tunachokwenda kufanya Suji. Rogathe ametoa hapana mbili za adabu. Mimi nikimwamini, nitakuwa na tofauti gani na chuma kile?

Breki: Hapo umesema. Tena kwenye reli mambo ni hivyo hivyo. Ishara nyekundu haisemi usipite maisha yako yote. Inasema ngoja kidogo. Nimesimama kwenye nyekundu hapo Makanya mpaka nikapika ugali, na mwisho tulipita.

Kassimu: Mlipita kwa kuwa ishara iligeuka kijani. Huyu binti amegeuka?

Breki: Ishara inageuzwa na mtu wa stesheni. Baba yake ndiye stesheni masta.

Azimio: Mimi ningeliweka kiutaratibu. Katika mkutano, mwenyekiti anauliza: wanaokubali? Asiyesema kitu amekubali. Hilo liko wazi. Sasa anayesema hapana, kwa nini amesema? Kwa sababu jambo limemgusa. Amechangia mada. Rogathe amechangia mada mara mbili.

Breki: Na akipiga kelele?

Azimio: Huyo hajaelewa, ataelimishwa.

Breki: Akishaelimishwa akasema tena hapana?

Azimio: Anahamishwa.

Akaisema kabla hajaitazama, akageuka nyuma kuona nani anapita barabarani. Alikuwa anapita mbuzi. Hata hivyo Azimio akashusha sauti.

Azimio: Namaanisha katika mambo ya vijiji. Si mambo ya ndoa.

Kassimu: Wakwe zangu walihamishwa mwaka huu. Nyumba ya mawe, migomba, wakapelekwa tambarare kukaa kwenye mstari. Nilimuuliza mkwe, mliulizwa? Akasema tuliulizwa kama tuna swali.

Breki: Wakasemaje?

Kassimu: Walikuwa na swali. Likaandikwa kwamba wamekubali kwa kauli moja.

Azimio: Ndugu Kassimu, mimina kahawa.

Kassimu akamimina. Nadhani hapo palikuwa mahali pa mtu mwenye imani kusema neno. Nilikuwa nalo. Lakini kikombe kilikuwa cha moto na Azimio ndiye anayejua sukari inakuja lini, nikapuliza kahawa yangu.

Bartholomeo: Tusitoke kwenye mada. Nawapa hesabu ya kompyuta, hii hakuna mwalimu wa hapa Same anayeijua. Ndani ya mashine kila kitu ni ndiyo au hapana. Ukipindua ndiyo, inakuwa hapana. Ukiipindua tena, inarudi ndiyo. Kwa hiyo hapana ya kwanza na hapana ya pili, ukiziweka pamoja, zinafutana.

Breki: Kinabaki nini?

Bartholomeo: Inabaki ndiyo.

Breki: Yesu na Maria! Yaani mtoto wa watu ameshakubali na hajui?

Bartholomeo: Kihesabu.

Breki: Basi angekataa mara nne angekuwa na mapacha.

Azimio: Napendekeza hesabu hiyo ifikishwe kwa baba yake.

Na mimi, ambaye ni mshenga, mtu wa kubeba neno la huku kulipeleka kule bila kulitia chumvi, nikaona nisiachwe nyuma. Nikajikohoza kama nipo mimbarini.

Mimi: Hata kanisani tunaita zaidi ya mara moja. Kengele ya kwanza ya kuamka. Ya pili ya kuvaa. Ya tatu ndiyo ya kuingia. Mkristo aliyebaki kitandani kengele ya kwanza na ya pili hajakataa wokovu. Anangoja ya tatu.

Breki: Amina, Amina!

Nilijisikia vizuri sana. Nikaweka mguu juu ya mguu.

Kassimu: Mzee Amina, mimi kengele yenu naisikia kila Jumapili. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbona siingii?

Mimi: Wewe ni Mwislamu.

Kassimu: Kwa hiyo mnajua kuna mtu akiitwa mara tatu bado haingii. Mnamjuaje?

Mimi: Tunamjua tu.

Kassimu: Na binti huyu, wewe ndiye uliyekuwa mbele yake. Hebu tuambie alivyosema hasa.

Mimi: Alisema hapana.

Kassimu: Kwa sauti gani?

Mimi: Ya kawaida. Kama mtu anayekuambia maji yako wapi.

Kassimu: Alitazama chini?

Mimi: Alinitazama mimi.

Kassimu: Alichezea kanga? Alichora mchanga kwa kidole cha mguu?

Mimi: Alikuwa amesimama. Mara ya pili alikuwa anasahihisha daftari za mama mmoja, akaweka kalamu chini, akasema, "Hapana, baba, sitaki kuolewa na Bartholomeo," akachukua kalamu.

Breki: Hizo ni haya! Zimezidi mpaka zimepanda machoni, ndiyo maana anatazama. Nilikuwa na shangazi namna hiyo.

Azimio: Na kuweka kalamu chini ni ishara. Amelipa jambo uzito.

Bartholomeo: Mnaona? Amelitaja hata jina langu.

Ndipo lori la Makanya likasimama ng'ambo ya barabara. Wakashuka akina mama na mikungu, akashuka mzee na jogoo, na nyuma yao akashuka Rogathe, amejitanda kanga, ana kikapu. Kumbe Jumatano huja kuchukua chaki na mafuta ya taa za darasa lake huko wilayani. Bartholomeo alimwona wa kwanza. Akanyoosha bugaluu. Azimio akafunua gazeti la juzi. Breki akaanza kuitazama reli kana kwamba ameisahau.

Akaja moja kwa moja hadi mbele ya benchi.

Rogathe: Shikamooni, wazee wangu.

Sisi: Marahaba, mama. Marahaba, mwalimu.

Rogathe: Bartholomeo, hujambo.

Bartholomeo: Sijambo. Karibu.

Kassimu: Karibu kahawa, binti yangu.

Rogathe: Ahsante, baba, nitakunywa. Vumbi la lori limenikausha koo.

Akapokea kikombe. Sisi wote tuliona. Kakaribishwa mara moja, kakubali mara moja, anakunywa. Kassimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe changu.

Breki: Mwalimu, hujakataa hata kidogo?

Rogathe: Kwa nini nikatae, baba? Nilikuwa naitaka.

Breki akarudi kuitazama reli.

Rogathe: Nimesikia huko juu kwamba mnapanda kesho. Baba ameshafagia uwanja. Nimekuja kwa ajili ya chaki, lakini nikaona nipite hapa kwanza, maana kesho hakuna atakayeniuliza kitu. Bartholomeo, ile habari ya mashine ni kweli? Watoto wa Suji wanaicheza, mmoja anakuwa mashine.

Bartholomeo: Ni kweli.

Rogathe: Ilikuuliza?

Bartholomeo: Iliniuliza.

Rogathe: Ukajibu hapana.

Bartholomeo: Kwa adabu.

Rogathe: Ikafanyaje?

Bartholomeo: Ikasema sawa.

Rogathe: Haikukuambia unaona haya?

Bartholomeo: Mashine haijui haya.

Rogathe: Haikwenda kumuuliza baba yako?

Kassimu akageukia makaa, akayachochea bila sababu. Azimio akafungua ukurasa wa gazeti, ukawa ule wa mwisho, hapakuwa na mwingine.

Rogathe: Wazee wangu, mimi sikuja kugombana. Ninyi ni baba zangu, na mzee Eliaichi alikuja nyumbani kwetu kwa heshima, alikula, aliomba, alitubariki. Nina swali moja tu, na darasani kwangu ningeona aibu kuliuliza, kwa maana wale akina mama wangenicheka. Hapana ya kwanza mnasema ni adabu. Ya pili mnasema ni haya. Ya tatu siulizwi. Sasa mtu ambaye kweli hataki, aseme neno gani?

Treni ya mizigo ilikuwa imesimama stesheni, inapumua tu.

Azimio: Hilo ni swali zuri. Napendekeza lipelekwe kwenye...

Rogathe: Nimewauliza ninyi, baba. Hapa hapa.

Azimio: Naam. Ni zuri.

Bartholomeo: Rogathe, kuna namna ya kusema. Mtu anaonekana tu.

Rogathe: Namna gani? Nionyeshe, nitaifanya sasa hivi.

Bartholomeo: Si kitu cha kuonyesha. Inajulikana.

Rogathe: Siijui. Ndiyo sababu nauliza.

Akatutazama mmoja mmoja. Alinitazama na mimi kama alivyonitazama kule nyumbani kwao, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu akikukasirikia unapata pa kujificha. Nilitafuta mstari wa maandiko, mimi ambaye nina mstari kwa kila chakula na kila msiba. Nilitafuta hata "amina". Halikuja lolote.

Akamaliza kahawa yake, akamrudishia Kassimu kikombe kwa mikono miwili.

Rogathe: Ahsante, baba. Ilikuwa nzuri. Wazee, kwaherini.

Akaenda zake kwenye chaki. Tulimtazama mpaka akapinda kona ya posta. Nilidhani sasa mtu atasema lile lililokuwa kooni mwa wote. Breki akajikuna goti. Azimio akakunja gazeti. Na Bartholomeo akaanza kutabasamu, kidogo kidogo, kama mtu anayeona mvua upande wa Gonja.

Bartholomeo: Mmesikia?

Breki: Tumesikia nini?

Bartholomeo: Leo hakusema hapana. Hata mara moja.

Breki: Hee! Kweli bwana!

Azimio: Ameuliza swali tu. Na mwenye swali yumo ndani ya ajenda.

Bartholomeo: Amesafiri na lori la vumbi kuja kuniuliza mambo ya mashine. Mimi! Mbele ya watu! Analainika.

Breki: Ameshalainika. Huyo mkifika kesho mtamkuta amevaa.

Wakapeana mikono. Kassimu peke yake hakutoa mkono. Alikuwa anasuuza kile kikombe, anakisuuza tena, anakisuuza tena.

Bartholomeo: Haya, mzee Amina, tupange. Lori linaondoka alfajiri. Mimi na mbuzi tutakungoja pale. Tunapanda?

Nikasema: Hapana.

Breki akanipiga bega kwa furaha.

Breki: Adabu ya Upare hiyo! Sikieni mzee anavyoifanya. Mkaribishe tena.

Mimi: Sylvester, nimesema hapana.

Azimio: Ameona haya. Ni magoti. Mzee anaona haya kutaja magoti mbele ya vijana.

Bartholomeo akasogea karibu, akachukua mkono wangu na kuushika kwa mikono yake yote miwili, kwa upole wa kweli. Ni kijana mwenye heshima. Amelelewa.

Bartholomeo: Baba yangu, tunajua umechoka. Tutapumzika njiani, pale Tae, nitakubebea mkoba, na paja la mbuzi mmoja ni lako, uende nalo nyumbani. Nakuomba kwa mara nyingine. Tunapanda?

Mimi: Hapana. Sipandi. Yule binti hakutaki, nami sitalipeleka swali hili kwa baba yake.

Wakatazamana, nyuso zote tatu zinang'aa. Nilimwona Breki anahesabu kwa kidole gumba juu ya paja: moja, mbili. Na wote wakaniinamia, kwa mapenzi mema kabisa, kama wenyeji walioshika bakuli la maji ya kunawa, wakingoja ile ya tatu.

Nikatafuta neno. Naapa mbele za Mungu, nilitafuta neno katika Kiswahili nikarudi nikatafuta katika Chasu, Kipare cha mama yangu, na kila nililolishika lilikuwa limeshatumika, tena nilikuwa nimelitumia mimi. Nikaweka kikombe benchini kikiwa nusu, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nikainuka.

Nyuma yangu nilisikia Breki anasema, "Ameguswa huyo, mwacheni akajiandae," na Bartholomeo akipaza sauti ili nisikie nikiwa nimeshavuka reli:

"Alfajiri, mzee wangu! Tutakungoja pale kwenye lori!"

Sikwenda.